Wafadhili Thelathini na Saba wa Uji

Katika nchi ya Heshimani, ambayo msomaji hajawahi kuisikia na ambayo haifanani hata kidogo na nchi yoyote anayoijua, hakuna jambo linalofanyika bila mgeni rasmi. Choo cha soko kikizibuliwa, mgeni rasmi anakata utepe mlangoni na kunawa mikono mbele ya kamera. Daraja likianguka, mgeni rasmi anakuja kuzindua kuanguka kwake. Shida ni kwamba mgeni rasmi ni mtu wa shughuli nyingi, hivyo huwakilishwa. Na anayemwakilisha naye hupatwa na dharura ya kitaifa, akawakilishwa na mwingine, na huyo vivyo hivyo, mpaka hotuba inasomwa na mtu ambaye asubuhi ile aliamka akiwa dereva. Hakuna anayelalamika. Wananchi wa Heshimani wamezoea kupiga makofi kwa kiwango cha cheo cha yule ambaye hakuja.

Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Tulizeni, na katika mji huo kuna hospitali, na katika hospitali hiyo kuna Wodi Namba Nne, ya watoto ambao miili yao imepungukiwa na chakula. Watoto wenyewe ni arobaini, siku nyingine arobaini na wawili. Kila siku saa moja asubuhi wanakunywa uji. Uji huo hautoki serikalini, kwa sababu serikali ilishatangaza kwamba tatizo hilo halipo. Unatoka kwa Chama cha Uji wa Asubuhi, na chama hicho, ukiondoa mwenyekiti ambaye huwakilishwa siku zote, ni wanawake wawili: Mkunde, mpishi, na Bi Zawena Mtengeti, katibu.

Zawena alikuwa karani wa posta mpaka posta yenyewe ilipofungwa. Alitoka pale na mambo mawili: mwandiko mzuri, na ile tabia ya kushindwa kutulia mpaka kila kitu kimemfikia aliyekusudiwa. Kwa miaka tisa uji haukuwahi kukosa hata asubuhi moja. Haukukosa kwenye mafuriko, wala siku ya maziko ya mume wake, alipokoroga sufuria akiwa na kanga ya msiba. Jambo hilo hakujisifia kwa mtu, lakini alilijua, na ndilo lililokuwa likimwamsha.

Siri yote ilikuwa kwenye kauntabuku moja nene lenye jalada jekundu. Humo mliandikwa wafadhili. Mama Sikuzani wa mashine ya kusaga: unga, kila Jumanne, usimpigie kabla hajamaliza kuswali, akinuna muulize habari za goti lake. Fundi Lukindo, seremala: vipande vya mbao kwa ajili ya kuni, Jumatatu na Alhamisi, hapendi kushukuriwa mbele za watu. Wake wa askari magereza: sukari, wanapeana zamu, ukitaka kujua zamu ya nani muulize yule mfupi. Watu hamsini na kitu wa namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na gari.

*

Ukatoka Waraka Namba Tisa wa Wizara ya Kumbukumbu na Shukrani. Vyama vyote vya hisani vihamishie wafadhili wao kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa taifa, uitwao HESHIMA wa Tatu. HESHIMA wa Kwanza ulizinduliwa ukakataa kuwaka. HESHIMA wa Pili ulizinduliwa kabla haujatengenezwa, na sherehe yake inakumbukwa mpaka leo.

Msomaji asidhani Zawena alikuwa mmoja wa wale wanaoikimbia kompyuta. Alifurahi. Kauntabuku lilikuwa limelowa mvuke wa uji mpaka kurasa zikawa zinashikana, macho yake yalikuwa yanapungua nguvu, na kila alipougua mafua alijiuliza nani atajua mambo ya goti la Mama Sikuzani yeye akienda. Akakaa jioni mbili akaandika mpango wa kuhama. Ulikuwa na kurasa mbili tu. Kwanza, kusafisha orodha: waliofariki, waliohama, waliobadilisha namba. Pili, kuingiza majina pamoja na siku za zamu na maelezo ya kila mtu. Tatu, majaribio ya wiki mbili, daftari na mfumo vikienda pamoja. Nne, kuhama. Aliusoma tena, akauona mzuri, akaupeleka.

Wizara ilimtuma mtaalamu, Ndugu Abednego Pazi, Mratibu Mkuu wa Uhamaji. Alikuwa kijana mwenye sauti laini na suti ya rangi ya maziwa, na hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Zawena kuliko yote. Iliundwa Kamati ya Mpango, nayo ikafanya kazi miezi saba.

Kikao cha kwanza kilijadili mpangilio wa viti. Cha pili kilirekebisha kumbukumbu za cha kwanza, kwa kuwa viti viwili viliandikwa bila vyeo vya waliovikalia. Cha nne kilijadili kama mpango uitwe mpango au dira. Cha tano kiliahirishwa kwa sababu mwenyekiti aliwakilishwa na mtu ambaye naye alikuwa akiwakilishwa na mwenyekiti. Muhtasari wa kila kikao ulichapwa nakala mia mbili, na kwa kuwa wizara ilikuwa imejaa, maboksi yaliletwa yakae kwenye stoo ya chama, pale panapowekwa kuni.

"Haya maboksi yatakuja kutusaidia nini?" Mkunde aliuliza, akiwa amesimama na mwiko mlangoni.

"Ni mpango," Zawena alijibu.

"Si ulikuwa na kurasa mbili?"

Zawena alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mfuko wa sukari.

Kwenye kikao cha sita hatimaye walifika kwenye kurasa zake mbili. Abednego alizishika kwa ncha za vidole, kwa heshima.

"Bi Zawena, hapa umeandika majaribio wiki mbili. Majaribio ya nini?"

"Ya mfumo, ndugu mtaalamu. Tuone kama unafanya kazi, kabla hatujaacha daftari."

Mwanasheria wa wizara alikohoa, kisha akafungua dirisha.

"Mfumo huu utazinduliwa na Mheshimiwa Waziri," Abednego alisema polepole, kama anayemsaidia mtu kuvuka barabara. "Ukikijaribu kitu atakachokizindua Waziri, unamaanisha kwamba kitu hicho kinaweza kukataa. Unamaanisha hivyo?"

"Namaanisha watoto wasikose uji."

"Hilo ni zuri sana. Hilo tutaliweka kwenye dibaji."

Wakaliweka kwenye dibaji. Majaribio yakafutwa.

*

Mwezi wa sita walifika kwenye majina, na hapo ndipo Zawena alipokutana na adabu yake mwenyewe.

Ni desturi ya Heshimani kwamba mtu wa kawaida hatoi kitu kwa mkono wake mbele ya watu. Ni kujitanguliza. Akiwa na gunia la unga, hulileta mpaka mezani, kisha hurudi nyuma hatua mbili na kumwomba mheshimiwa yeyote aliye karibu alikabidhi kwa niaba yake. Mheshimiwa hushika ncha ya gunia, picha hupigwa, na kwenye taarifa huandikwa kwamba unga umekabidhiwa na Mheshimiwa fulani. Kila mwaka, Siku ya Uji, ilikuwa hivyo. Mama Sikuzani mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasukuma waheshimiwa mbele: "Pita baba, pita, shika hapa, mimi nimevaa kanga ya kazi." Na aliyeziandika taarifa hizo kwa miaka tisa, kwa mwandiko mzuri wa posta, ni Bi Zawena Mtengeti.

"Kwa mujibu wa kanuni," alisema Abednego, "mfadhili ni yule aliyekabidhi. Nimezipitia taarifa zako zote na picha zote. Mna wafadhili thelathini na saba." Akageuza kompyuta yake ili Zawena aone. Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Daktari Injinia Balozi Mstaafu Theofili Kazamoyo, Waziri mwenyewe. Walimfuata Kamishna wa Foleni, Mkurugenzi wa Mabango, Mkuu wa Wilaya, Makamu Msaidizi wa Mkuu wa Wilaya, na wengine, wakiwa wamepangwa kwa vyeo. Mfumo ulikuwa na nafasi kumi na mbili za kujaza vyeo vya mtu na haukuwa na nafasi hata moja ya kujaza siku anayoleta unga.

"Hawa hawajawahi kutoa hata kibiriti," Zawena alisema.

"Imeandikwa na wewe, Bi Zawena."

"Niliandika kwa adabu. Mwenye unga ni huyu hapa." Akaweka kidole pembeni ya picha.

Abednego aliikuza picha, akaitazama kwa makini kabisa. "Hiki ni kiwiko."

"Ni cha Mama Sikuzani. Gunia kalibeba yeye. Waziri ameshika ncha."

"Kiwiko hakina namba ya kitambulisho cha taifa," Abednego alisema kwa huruma ya kweli.

Zawena akatoa kauntabuku. Lilipita mkono kwa mkono mezani. Mwanasheria alisoma kwa sauti ile sehemu ya goti, na kamati ikakubaliana kwamba hicho ni chanzo kisicho rasmi. Hata hivyo, kwa kuwa kilikuwa na namba nyingi za simu, namba hizo zingeingizwa kwenye mfumo katika kundi lake maalumu. Kundi hilo liliitwa Ambao Bado Hawajachangia.

Zawena alibishana kikao hicho chote, na kilichofuata, na kilichofuata. Alileta barua ya daktari wa wodi. Alimleta Mkunde, ambaye aliulizwa cheo chake na akajibu kuwa anakoroga. Mwezi wa saba ikabaki fomu moja tu, yenye sentensi moja: Nathibitisha kwamba orodha hii ni kamili na ya kweli. Ilikuwa saa tano asubuhi, kikao kilikuwa kimeanza saa mbili, na bila sahihi yake kisingefungwa. Miguu ilikuwa imemvimba. Alijiambia kwamba mfumo ukishawaka atarekebisha jina moja moja, polepole, bila kamati. Akatia sahihi.

*

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi. Waziri Kazamoyo aliwakilishwa, aliyemwakilisha akawakilishwa, na aliyesoma hotuba alikuwa bwana mmoja wa idara ya maua, ambaye alisoma vizuri sana.

"Leo," alisema, "Heshimani inaaga enzi ya kushukuru kwa kubahatisha. Kuanzia leo taifa litamjua mtoaji kwa jina, kwa cheo na kwa sura. Mfumo huu hausemi uongo. Kila msaada utakapoingizwa, mfumo utamuuliza mfadhili mwenyewe kama ni yeye aliyetoa, naye atajibu ndiyo au hapana. Na majibu hayo yataonekana papo hapo kwenye Ubao wa Shukrani pale makao makuu ya wizara, mbele ya dunia nzima."

Kauntabuku jekundu lilistaafishwa kwa heshima. Lilifunikwa kwa bendera, likatiwa kwenye kasha la kioo, likapelekwa makao makuu, ambako mwananchi yeyote mwenye kibali anaweza kulitazama jalada. Zawena hakuhuzunika sana. Yote yaliyokuwamo alikuwa anayajua kichwani. Kisha bwana wa maua akabonyeza kitufe, na mfumo, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, ukafanya kazi.

Simu zikalia uwanja mzima. Waheshimiwa thelathini na saba, mahali popote walipokuwa, walipata ujumbe wa shukrani ulioandikwa kwa herufi za dhahabu. Na wale watu hamsini na kitu wa kauntabuku, waliokuwa wamesimama nyuma kabisa ya uwanja na nguo zao za Idi na za Krismasi, walipata huu:

"Ndugu Mwananchi. Kumbukumbu za Taifa zinaonyesha kwamba hujawahi kuchangia chochote. Bado hujachelewa kuwa mtu mwema. Orodha hii imethibitishwa na Z. Mtengeti, Katibu."

Zawena aliwaona wakisoma. Alimwona fundi Lukindo akiisogeza simu karibu na macho, kisha mbali, kisha akiizima. Alimwona Mama Sikuzani akimpa binti yake simu amsomee, kisha akimwomba asome tena. Alitaka kwenda, lakini alikuwa ameshikwa mkono kwa ajili ya picha, na alipoachiliwa watu hao walikuwa wameshaondoka.

Jumatatu kuni hazikuja.

*

Zilikuja jumbe. Abednego, katika kuboresha, alikuwa amegundua kwamba orodha haina zamu, akazigawa zamu mwenyewe kwa kufuata vyeo. Saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu simu ya Mheshimiwa Waziri ikalia kando ya kitanda: "Mheshimiwa, leo ni zamu yako ya kuni. Watoto wanasubiri." Saa kumi na moja na robo ikalia tena. Mfumo ulikuwa na subira kuliko mtu yeyote katika serikali. Kamishna wa Foleni alikumbushwa maji. Mkurugenzi wa Mabango alikumbushwa kusugua sufuria.

Waheshimiwa walifanya walichoweza. Mkuu wa Wilaya alituma salamu za kuni, kurasa nne, akawasihi watoto wazipokee. Mkurugenzi wa Mabango alituma bango. Hakuna aliyethubutu kujitoa kwenye orodha, kwa maana kujitoa ni kukiri kwamba hukuwahi kutoa, na picha zipo. Kuuzima mfumo nako hakuwezekani. Kitu kilichozinduliwa hakizimwi, hujizimikia chenyewe.

Stooni hapakuwa na kuni hata kipande. Palikuwa na maboksi. Zawena aliyatazama kwa muda, akafungua la juu, akatoa kumbukumbu za kikao cha kwanza, ile habari ya viti, akazisukuma chini ya sufuria. Ziliwaka vizuri. Zile za kikao cha nne, kuhusu mpango na dira, zilikuwa na unyevunyevu kidogo na zikatoa moshi, lakini cha sita chote kilishika moto mara moja. Jumatatu na Jumanne uji ulipikwa kwa mihtasari, na Jumatano kwa dibaji na viambatisho, na Mkunde akasema kwamba hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana kufanywa na ile kamati.

Lakini unga wa Jumanne nao haukuja, na unga hauchapwi nakala mia mbili. Jumatano jioni Mkunde aliinamisha pipa. "Kesho upo," alisema. "Keshokutwa haupo."

Alhamisi asubuhi ikaja bahasha. Waheshimiwa walikuwa wamechoka kuamshwa, na kwa kuwa hawakuweza kutoa wala kujitoa, wakaona njia iliyo wazi kwa kila mtu wa Heshimani: kuwakilishwa. Kila mmoja alimteua mwakilishi, kila mwakilishi alimteua wake, uteuzi ukashuka ngazi kwa ngazi kutoka makao makuu hadi mkoa, mkoa hadi wilaya, wilaya hadi kata, mpaka ukafika mahali ambapo hapakuwa tena na mtu wa chini ya kumteua. Zilikuwa barua thelathini na saba, zote na mihuri, zote zikisema jambo moja: "Namteua Bi Zawena Mtengeti kuniwakilisha katika mambo yote yahusuyo ufadhili wangu, na neno lake ni neno langu. Simu zote zielekezwe kwake." Sababu ya uteuzi ilikuwa kwamba anaishi karibu na sufuria.

Zawena alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, barua zikiwa mapajani, na simu yake ikaanza kulia. Mheshimiwa, leo ni zamu yako ya unga. Mheshimiwa, leo ni zamu yako ya sukari. Mheshimiwa, Mheshimiwa, Mheshimiwa. Alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga hakuwepo. Alikuwa amewakilishwa, tena na yeye mwenyewe.

"Sasa wewe ndiye serikali yote," Mkunde alisema.

"Nyamaza, Mkunde."

"Mimi nasema tu. Serikali, unga hakuna."

*

Alhamisi hiyo mchana alikwenda kwenye mashine ya Mama Sikuzani. Ilikuwa imezimwa. Mama Sikuzani alikuwa amekaa kwenye benchi nje, mguu mmoja ameunyoosha, anachambua mahindi kwenye ungo. Ng'ambo ya barabara fundi Lukindo alikuwa anapiga randa karakanani, na alipomwona Zawena aliacha, kisha akaendelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Karibu, katibu."

Katika miaka tisa hakuwahi kumwita katibu.

"Goti linaendeleaje?"

"Usiniulize habari za goti. Najua liliandikwa kwenye daftari kwamba nikinuna niulizwe goti. Limesomwa kwenye kikao, mwanasheria kawasimulia watu sokoni."

Zawena alikuwa ameshika zile barua, kwa hiyo akazitumia.

"Nimekuja kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri," alisema. "Mheshimiwa Waziri anakuomba radhi."

Sasa Mama Sikuzani aliinua macho. "Waziri anajua kwamba ananiomba radhi?"

"Hajui."

"Basi mwambie nimemsamehe. Kanikosea nini yule bwana? Alikuja mara moja, nikamwambia shika ncha, akashika. Tena alikuwa mtu wa adabu." Akapeta ungo mara mbili, makapi yakaruka. "Mimi ule ujumbe niliusomewa mara mbili, Zawena. Nilidhani binti yangu kakosea. Hujawahi kuchangia chochote. Nikasema labda ni kompyuta, kompyuta ina shida gani, haijui watu. Halafu akanisomea chini. Chini pana jina lako."

Randa ya Lukindo ilikuwa imenyamaza.

"Wewe unanijua," Mama Sikuzani alisema. "Kompyuta hainijui, Waziri hanijui. Wewe uliyekuja hapa kwa niaba ya watu wote hao, hujaja kwa niaba yako. Yeye Zawena anasemaje?"

Zawena alizikunja barua. Alikuwa na maelezo mengi. Angeweza kueleza miezi saba, kiwiko, kanuni, miguu iliyovimba. Aliyatazama yote akaona kwamba yanafanana na yale maboksi.

"Nilichoka," alisema. "Nilijua si kweli, nikatia sahihi. Nisamehe, mama."

Mama Sikuzani aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja dogo kwenye mahindi, akalitupa barabarani.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri tangu Jumamosi," alisema. Kisha akapaza sauti ng'ambo ya barabara: "Lukindo, katibu kaomba radhi kwa kinywa chake. Lete kuni." Na alipokwisha kusema akainuka, akiushika ukuta kwa sababu ya goti, akaenda kuwasha mashine.

*

Ijumaa saa moja asubuhi Wodi Namba Nne ilikunywa uji. Watoto walikuwa arobaini. Uji ulikuwa mzito kuliko kawaida, kwa kuwa Mama Sikuzani alikuwa ameleta pia unga wa Jumanne.

Kwa mujibu wa kanuni, kila msaada ukifika lazima uingizwe kwenye mfumo siku hiyo hiyo, na huo ulikuwa wa kwanza tangu uzinduzi. Zawena alikaa jikoni kwenye ile ndoo yake, akafungua. Idadi ya watoto: akajaza. Aina ya msaada: unga, kuni, sukari. Mfadhili: hapo mfumo ulimletea majina thelathini na saba achague. Jina la Mama Sikuzani halikuwepo, wala pa kuliandika hapakuwepo. Aliliacha wazi. Mfumo, ambao ulikuwa umefundishwa adabu, haukuweza kuvumilia nafasi tupu, ukawajaza wote thelathini na saba kwa kufuata vyeo, kisha ukawauliza. Na kwa kuwa wote walikuwa wamewakilishwa, simu iliyolia ilikuwa moja.

"Mheshimiwa Daktari Injinia Balozi Mstaafu Theofili Kazamoyo. Taifa linakushukuru kwa uji wa leo. Je, ni wewe uliyeutoa? Jibu NDIYO au HAPANA."

Zawena aliusoma mara mbili. Akazitoa zile barua kwenye pochi, akaitafuta ya Waziri, akaiweka pajani, muhuri ukimtazama. Na neno lake ni neno langu. Akavaa miwani, akaandika kwa uangalifu, kama alivyokuwa akiandika anwani enzi za posta: HAPANA.

"Unamjibu nani?" Mkunde aliuliza. Alikuwa anasugua sufuria, ingawa zamu ilikuwa ya Mkurugenzi wa Mabango.

"Simjibu mtu. Najibu kwa niaba."

Ikaja ya Kamishna wa Foleni. HAPANA. Ya Mkurugenzi wa Mabango. HAPANA. Ya Mkuu wa Wilaya, HAPANA, na ya Makamu Msaidizi wake, HAPANA. Alifanya kazi hiyo bila haraka, kila jibu na barua yake, kila barua na muhuri wake, mpaka zikaisha zote thelathini na saba.

Haukupita muda Abednego akapiga simu. Nyuma yake zilisikika sauti nyingi na mtu akiagiza pazia. "Bi Zawena," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa laini, "Ubao wa Shukrani hauna jina hata moja. Wapo waandishi hapa. Wapo mabalozi. Unasema wafadhili ni sifuri."

"Wameulizwa wenyewe, ndugu mtaalamu. Wamejibu."

"Lakini haiwezekani."

"Mfumo hausemi uongo," Zawena alisema, akakata simu, akaenda kumsaidia Mkunde kumwaga maji.

Ubao huo haukuweza kuzimwa. Uliwaka mchana kutwa pale makao makuu, mbele ya waandishi na mabalozi, ukionyesha takwimu rasmi za Jamhuri: kwamba siku hiyo hakuna mtu yeyote katika Heshimani aliyetoa chochote, na kwamba watoto arobaini walikunywa uji.